Wivu Ulinipa Kazi

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti, nitakueleza kwa kifupi mambo yalipofikia. Mlio nami tangu mwanzo nivumilieni kidogo.

Mimi ni mlinda tanuri. Nilikuwa, niseme. Kiwanda chetu kilitengeneza chupa, na kioo cha chupa huyeyushwa kwenye tanuri lisilozimwa mchana wala usiku. Nilipokezana zamu na rafiki yangu mmoja mrefu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Kinanda kwa sababu hata akiwa anatafuna chakula lazima avumishe wimbo puani.

Kulikuwa na matanuri mawili. Moja likafungwa, wakubwa wakaona walinzi wa moto wamezidi. Nikatolewa mimi, akabakizwa Kinanda.

Tangu hapo nimebisha hodi kila mahali. Wananiuliza nina ujuzi gani, nawaambia moto. Hakuna anayeajiri mtu wa moto.

Halafu likaja wazo la kufa. Sitalipamba. Halikuja kwa kishindo, lilikuja polepole, likaniambia kwamba nyumba hii ingepumua vizuri zaidi bila mimi, na mimi, mtu mzima mwenye mke na binti anayesoma, nikaanza kulikubalia.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, namsikiliza mke wangu akizungumza kwa simu penye kamba ya nguo. Alisema, "Usimwambie. Akijua ataharibu kila kitu. Wewe njoo saa nane, pale pale." Kisha akasema, kwa sauti ambayo mimi sijaipata tangu tuoane, "Asante, Kinanda. Bila wewe sijui ningekuwaje."

Msomaji mmoja amepiga simu gazetini kuuliza kwa nini sikutoka pale pale nikamuuliza mke wangu. Ndugu yangu, huijui ladha ya fumanizi. Ukiuliza unapewa jibu. Ukifumania, hawana la kujibu.

Na niwaambie jambo la kushangaza. Usiku ule sikufikiria kufa hata mara moja. Nife, halafu Kinanda akalie kiti changu? Ale kwenye sahani yangu, binti yangu amwite baba mdogo? Alishachukua tanuri, sasa achukue na nyumba? Sifi ng'o.

Wivu ulinipa kazi. Kwa mara ya kwanza tangu nifukuzwe niliamka nikiwa na jambo la kufanya. Nilinyoa ndevu.

Mke wangu aliniona nikinyoa, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Yeye anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, shuka na mapazia na nguo za wagonjwa.

"Leo unanyoa," akasema.

"Kwani ni dhambi?"

"Sijasema dhambi. Unatoka?"

"Niende wapi mtu asiye na kazi? Nipo hapa hapa."

Akanitazama muda mrefu kuliko zinavyostahili ndevu. "Kaka atapita," akasema. "Ana feni yake mbovu, anataka umtazamie."

Nikasema moyoni, haya, mtego wa kwanza huo. Ananiwekea mtu wa kunishika hapa ili yeye awe huru kule.

Shemeji akaja na feni. Nikaichomeka kwenye umeme, ikazunguka vizuri tu.

"Mbona nzima?" nikamuuliza.

"Inazunguka, lakini haizunguki sawasawa."

"Feni inazungukaje isivyo sawasawa, shemeji?"

Akakuna kichwa. "Labda ukiifungua utaona."

Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Akasema labda niifungue tena. Huyu shemeji yangu ni dereva wa lori la kubeba mchanga, mtu ambaye kwa kawaida hata salamu hukupa huku injini inaunguruma. Leo amekaa sebuleni kwangu, mikono magotini, ananiuliza habari za hali ya hewa.

Mchana akaja mama mkwe na kitambaa chake cha kufuma. Shemeji alimfungulia mlango, na mimi masikio yangu, yaliyozoea kusikiliza moto unavyobadilika sauti, yakanasa kila neno.

"Yupo sebuleni," shemeji akanong'ona. "Amekunywa chai, mkate hakugusa."

"Haya, ninaye," akasema mama. "Nenda."

Shemeji hakuondoka. Alingoja mpaka mama amekaa kwenye kiti mkabala nami, ndipo akabeba feni yake nzima akaenda zake.

Mtu mwingine angekuwa mimi angeshtuka hapo. Kule kiwandani, anayetoka zamu hageuki mpaka anayeingia aseme "ninao," yaani moto sasa ni wangu mimi. Hata uwe na homa, hata mkeo awe anajifungua, husogei kabla hujalisikia neno hilo. Nimelisema maisha yangu yote ya kazi. Nimelisikia kinywani mwa mama mkwe na bado sikulitambua, kwa sababu mwenye wivu huona alichokuja kukitafuta. Mimi niliona njama. Nikasema, kumbe ukoo mzima unajua, mjinga nimebaki mimi peke yangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Njoo unishikie uzi."

Nikamshikia uzi. Saa saba ikapita. Nikainuka.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kuoga, mama. Joto."

"Usikawie."

Bafu letu liko uani, na ua una mlango wa nyuma. Nilipoingia bafuni nikasikia kiti kinaburutwa, mama mkwe anahamia uani. "Upo?" akaita.

"Nipo, mama."

"Haya."

Kidogo tena. "Upo?"

Jamani, mkwe gani huyu anayemhesabia mkwewe kata za maji? Nikafungulia bomba, maji yakaanza kupiga kwenye ndoo, nikasubiri nikasikia anaitikia salamu ya jirani upande wa mbele. Nikatoka kwa mlango wa nyuma na ndala zangu, nikakimbia. Kijana wa zamani mimi, lakini hasira ina magoti yake.

Njiani nilitunga hotuba. Nilipanga kuanza na yule mwanamume: tulikula pamoja, nikakufundisha kusoma rangi ya moto, kikulacho ki nguoni mwako. Kisha nimgeukie mke wangu. Yeye nilimwekea maneno machache, lakini makali.

Kwenye chumba cha kufulia mvuke ulikuwa umejaa mpaka darini. Mama mmoja mnene alikuwa anapiga pasi shuka, mtu wa tabasamu.

"Karibu, baba. Mkeo ametoka kidogo," akasema. "Yuko na shemeji yake yule mrefu, kule kwenye mabenchi nyuma ya stoo ya dawa."

"Huwa anakuja mara nyingi?"

"Saa hizi karibu kila siku. Kijana wa heshima sana. Hata kikapu cha nguo hunisaidia kubeba."

Nikamshukuru. Moyo ulinipiga mpaka nikauona kwenye shati. Kila siku, msomaji. Mimi nashinda na feni na uzi, wao kila siku.

Nikazunguka stoo ya dawa, nikawaona. Mke wangu analia, uso ameuinamisha. Kinanda amekaa karibu naye, mkono wake wa kulia, mkono ule ninaoujua una kovu la moto, uko begani mwa mke wangu. Pembeni alikuwepo muuguzi mmoja mtu mzima, amevaa sweta juu ya sare, lakini huyo sikumtia akilini. Niliutazama ule mkono tu.

Hotuba yote ikatoweka. Nikasema, "Aa. Ndiyo hivyo."

Sasa sikilizeni. Mwanamke aliyefumaniwa hushtuka, hujivuta, hukimbilia kueleza. Wangu alisimama akanishika shati kwa mikono miwili, akanipapasa mabega na kifua, akasema, "Umetoka vipi? Mama yuko wapi?"

"Mama yako anasikiliza ndoo ikijaa maji."

"Umekuja peke yako? Njia yote hiyo, peke yako?"

"Ulitaka nije na tarumbeta?"

Kinanda naye alikuwa amesimama. Hakunitazama mimi, alimtazama mke wangu, akauliza kwa sauti ya kazini, "Kwani nani alikuwa naye?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Feni nzima. Uzi. "Upo? Upo?" Jirani aliyekuja juzi kutaka tucheze drafti na hajui hata kete zinavyokwenda. Binti yangu aliyeacha kucheza nje jioni akadai kitabu chake ni kigumu, baba nisaidie. Kinanda mwenyewe na drafti zake za jioni, na asubuhi ile alipokuja eti kunitazamia bomba. Walikuwa wananipokezana. Mtu mmoja haondoki mpaka mwingine amefika na kusema ninaye. Nilikuwa nimefanywa tanuri.

"Nani kawafundisha?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Mimi," akasema Kinanda. "Nilimwambia shemeji, huyu mkeo, moto hauachwi peke yake."

Yule muuguzi akasogea akanionyesha nafasi kwenye benchi. "Karibu, baba. Tumekungoja sana wewe."

Sikukaa. Mke wangu alikuwa bado ameshika shati langu.

"Ulimpa kaka viatu vyako vya kazi," akasema. "Vya ngozi, ulivyokuwa unavipaka mafuta kila Jumapili. Mtu hagawi viatu vya kazi kama bado anategemea kazi. Halafu ukaanza kumfundisha mtoto mahali pa kila kitu ndani ya nyumba, ufunguo uko wapi, fundi wa bomba anapatikana wapi. Nikajua. Nikaogopa kukuuliza."

"Aliogopa akikuuliza atakutia wazo," akasema muuguzi. "Nimemwambia swali halimtii mtu wazo hilo. Swali humpa mlango wa kulitoa. Leo alikuja kuniambia kwamba jioni angekuuliza."

"Basi niulize," nikasema, kwa ukali, maana nilikuwa na aibu.

Mke wangu akafuta uso kwa kiganja. "Unafikiria kufa?"

Wanawake wawili walipita na beseni la nguo. Nilingoja wapite. Nilimtazama Kinanda, na kama ningepewa kuchagua jambo moja duniani saa ile, ningechagua asiwepo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini adhabu ya kuulizwa hivyo mbele ya mtu aliyechukua kazi yako, hiyo naijua mimi.

"Ndiyo," nikasema.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa chini, akanivuta nikakaa naye. Muuguzi akaniuliza mengine kwa utaratibu, bila haraka, nami nikajibu nikitazama ndala zangu. Akasema kuna daktari wa mambo haya hapo hapo hospitalini, atanipeleka kwake mwenyewe leo hii, na kwamba nilivyo sivyo nitakavyobaki. Sikumwamini sana, lakini nilishangaa jinsi kifua kilivyopata nafasi.

Mngedhani hapo wivu wangu ungekufa. Haukufa, ulibadilisha nguo.

Maana tazameni. Nilikuja na mzinzi kichwani, nimekuta mtu mwema. Kinanda ndiye aliyebakizwa kazini. Kinanda ndiye aliyebuni ndugu zangu wapange zamu. Kinanda ndiye anayebebea watu vikapu. Mke wangu anamwambia bila wewe sijui ningekuwaje, na ana haki ya kusema hivyo. Mimi nimechangia nini? Kuwa mgonjwa tu. Nawaambia ukweli ambao sijawahi kumwambia padri wala shehe: ningemsamehe upesi zaidi kama angekuwa anatembea na mke wangu.

"Wewe umeumbwa uwe mshindi," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa mbaya. "Huchoki?"

"Acha," mke wangu akasema.

"Siachi. Nataka kujua. Kazi yangu unayo, shukrani za mke wangu unazo, hata kunihurumia mimi umewahi wewe. Umebakisha nini ambacho si chako?"

Kinanda alikuwa anakunja na kukunjua leso yake mapajani. Na katika kumtazama kwa chuki, nikaona kitu ambacho jicho la upendo lisingekiona. Ovaroli lake lilikuwa safi.

Si safi ya kufuliwa. Safi ya kutotumika. Mtu wa tanuri, hata mkewe afue kwa magadi, ana vumbi la mchanga wa kioo kwenye mishono, halitoki. Yake mishono ilikuwa bluu kama ya dukani. Tena nikakumbuka saa.

"Saa nane," nikasema. "Karibu kila siku mke wangu anakutana nawe saa nane. Na jioni unakuja kwangu kwenye drafti. Na asubuhi ile ulikuja kunitazamia bomba. Wewe unaingia zamu gani?"

"Ya usiku," akasema.

"Ya usiku ukalala saa ngapi?"

Mke wangu akamgeukia.

"Kinanda," nikasema, "nani yuko na moto sasa hivi?"

Akatabasamu kidogo, bila kunitazama. "Hakuna moto. Walilizima."

Mimi nilisimama bila kujua. Msiokijua kioo hamtaelewa. Tanuri la kioo likizimwa, kilichomo ndani huganda kikawa jiwe, matofali yakapasuka. Hakuna kuwasha tena kesho asubuhi. Tanuri likizimwa, kiwanda kimekwisha.

"Lango liko wazi," nikasema. "Malori yanaingia, shemeji ananiambia."

"Wanamalizia kuuza chupa za ghalani. Sisi walituambia tukae kimya, wanunuzi wasije wakashusha bei. Nami nikakaa kimya." Akakunja leso. "Mke wangu hajui. Navaa ovaroli kila siku, natoka. Mwanzoni nilikuwa natembea tu. Halafu shemeji huyu, mkeo, akanipigia, analia, anasema anakuogopea wewe. Nikapata mahali pa kwenda."

"Mungu wangu," akasema mke wangu taratibu.

"Nilikuwa nakuonea wivu," Kinanda akaniambia. Alilisema kwa upole, ndiyo maana liliniuma. "Wewe ulifukuzwa mbele ya watu. Kila mtu akajua, mkeo akajua, wakaja kukukalia. Mzigo wangu mimi hauna anayeujua. Nilikuwa nikitoka kwako jioni najiambia, yule ana bahati."

Mimi, bahati. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Muuguzi akainama mbele. "Na wewe, baba," akamwambia Kinanda, "kaa hapa karibu. Tuzungumze na wewe pia."

"Mimi sina neno, mama. Mwenye neno ni huyu, na sasa amefika mikononi mwenu." Akasimama, akaikunja ile leso mara ya mwisho, akamrudishia mke wangu. Kumbe ilikuwa ya mke wangu. "Kazi yangu imekwisha. Ngoja nikanywe maji."

Akaenda upande wa bomba. Mrefu vile, anainama kupita chini ya ukingo wa paa la stoo. Muuguzi alikuwa ameanza kuniambia habari za daktari, mke wangu amenishika mkono kwa nguvu zake zote, wote wawili wananitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa natazama bomba. Kinanda alilifikia, hakusimama, akakata kona ya jengo.

"Mfuateni," nikasema.

"Nani?"

"Mfuateni yule."

Muuguzi hakuuliza mara ya pili. Aliondoka mbio na sweta lake. Nikainuka, mke wangu akanivuta.

"Wewe usiende."

"Niache."

"Sikuachi. Nimekaa mwezi mzima nakuogopea, leo nikuache kwa sababu umesema niache?"

"Basi twende wote."

Tukakimbia tumeshikana mikono, ndala moja ikabaki kwenye majani. Langoni muuguzi alikuwa anahema, anamuuliza mlinzi kama ameona mtu mrefu mwenye ovaroli la bluu. Nyumbani kwa Kinanda ni upande wa kushoto, hata mtoto wangu anajua. Mlinzi alinyoosha kidole kulia.

Tukamwona mbali, kwenye msururu wa watu, kichwa chake juu ya vichwa vyote. Anatembea upesi, si kukimbia, kama mtu aliyechelewa kazini.

Mke wangu akamwita. Hakusema Kinanda. Aliita jina lake, jina alilopewa na mama yake, na mimi niliyepokezana naye moto miaka yote ile ndiyo kwanza nalisikia. Hata pale, msomaji, hata pale, wivu ulinichoma. Mke wangu alikuwa amemuuliza jina. Mimi sikuwahi.

Nikalitia jina hilo kinywani, nikaliita kwa sauti yangu yote. Barabara nzima ikageuka kunitazama, isipokuwa yeye.